Hata kama hakuna kitu imewaka, andika

Mstari unaojirudia zaidi kwenye kaye yangu ni ule wa kusema hakuna kitu. Tarehe, saa, jina la nyota T CrB, halafu alama ya < na namba 4.1. Maana yake ni kwamba niliangalia mahali ile nyota iko, jirani yake mwenye magnitudi 4.1 (magnitudi ni namba ya mwangaza, ikikuwa kubwa nyota ni hafifu) nilimuona vizuri, yenyewe sikuiona, kwa hiyo usiku ule ilikuwa hafifu kushinda pale. Ukurasa baada ya ukurasa iko vile. Watu wanaifungua hii kaye wakitafuta foto ama kitu ya kushangaza, wanakuta < 4.1, < 4.1, < 4.1, wanaifunga wananirudishia. Leo nataka niwaeleze kwa nini ile mistari njo kazi yenyewe, na kwa nini mtu wa Goma, Bukavu, Uvira ama Beni anaweza kuifanya bila darubini na bila diploma.

Hiyo T CrB iko kwenye Taji la Kaskazini, kundi dogo la nyota lenye umbo la nusu duara. Jioni za mwezi wa sita na wa saba linapanda upande wa kaskazini-mashariki na linafika juu sana hapa kwetu, juu Goma iko karibu kabisa na ikweta, chini yake kidogo tu, kwa hiyo mbingu ya kaskazini na ya kusini zote ni zetu. Kwa darubini unaona nyota moja, lakini kule ziko mbili zinazungukana kwa siku karibu 228, moja ni jitu jekundu, ingine ni kibete cheupe, yaani kiini cha nyota iliyokwisha moto wake, kidogo kama dunia yetu lakini kizito kushinda jua. Hicho kibete kinanyonya gesi ya mwenzake, gesi inajikusanya juu yake miaka na miaka, inagandamizwa, inapata joto, kama sufuria ya maharage umefunga kifuniko ukaiacha kwenye makala, siku moja inafumuka. Hiyo njo tunaita nova. Nyota yenyewe haifi, inaanza tena kukusanya.

Siku za kawaida T CrB iko na magnitudi 10, kwa macho huioni hata ukiwa porini. Ikifumuka inapanda mpaka karibu 2, inalingana na Alphecca ambayo ni nyota kubwa ya lile Taji, na inapanda kwa masaa, si kwa siku. Baada ya wiki moja hivi imeshashuka, macho peke yake haiioni tena. Ilifanya hivyo mwaka 1866, ikafanya tena 1946, na watu wengi wakasema 2024 itarudia. Mwaka 2024 ukaisha, haikurudia, na mimi nilisikia watu wanasema wanasayansi walidanganya.

Hapana. Hebu tuangalie ile utabiri ilitoka wapi.

Ilitoka kwa kaye za watu. Tangu 1911 kuko jumuiya Marekani inaitwa AAVSO, inakusanya namba za mwangaza wa nyota zinazobadilika, na wanaotuma namba ni watu wa kila aina, walimu, wakulima, madaktari, wanafunzi. Ukiweka namba za T CrB za zamani kwenye mstari mmoja unaona kwamba miaka kama nane mbele ya 1946 ile nyota ilipanda kidogo, ikabaki juu, halafu karibu mwaka mmoja mbele ya kufumuka ikashuka. Sasa karibu 2015 ikapanda kidogo tena. Mwaka 2023 ikashuka tena. Njo maana watu waliangaliana wakasema, ngoja, hii tunaijua. Nyota haina deni ya kufuata kalenda yetu, lakini hata hiyo nafasi ya kungojea tuliipata juu ya watu walioandika usiku ambao hakuna kitu ilitokea, watu ambao wengi wao walikufa bila kujua namba zao zitasaidia nani.

Mmoja wao ni Leslie Peltier, mtu aliyekulia shambani huko Delphos, Ohio. Darubini yake ya kwanza aliinunua dola 18, pesa aliyoipata kwa kuchuma stroberi shambani, na namba yake ya kwanza aliiandika mwezi wa tatu 1918. Kwa maisha yake aliandika zaidi ya 132.000 na akagundua nyotamkia 12. T CrB aliifuata zaidi ya miaka 25. Usiku wa Februari 1946 aliweka saa imuamshe saa nane na nusu ya usiku, akaamka, akajisikia kama homa inaanza, baridi ilikuwa kali, akarudi kulala. Usiku ule njo T CrB ilikuwa inawaka. Wengi wanaisimulia hii kama habari ya mtu mwenye bahati mbaya, mimi hiyo hadithi nilivyoisoma mara ya kwanza ilinigusa upande mwingine kabisa. Miaka 25 ya Peltier iko mle ndani ya ule mstari. Bila ile miaka, na ya wenzake, kufumuka kwa 1946 kungekuwa tu nyota imewaka, basi, hatungejua ilikuwaje mbele yake.

Lakini hadithi inayonishika kushinda zote ni ya 1987, na hii naomba muisome polepole.

Tarehe 23 Februari 1987, saa 7 na dakika 35 kwa saa ya UT, ile saa moja ambayo waangalizi wa dunia nzima wanatumia, mashine ya chini ya ardhi kule Kamioka, Japani, ilipata nyutrino 11 ndani ya sekunde chache. Mashine ingine ya Ohio ikapata 8, ya Baksan huko Urusi ikapata 5. Nyutrino ni chembe ndogo sana zinapita kwenye dunia nzima bila kugusa kitu, kwa hiyo kupata hizo chache inamaanisha zilizopita hazihesabiki. Zilitoka kwa nyota iliyoanguka ndani yake yenyewe kwenye Wingu Kubwa la Magellan, umbali wa miaka ya nuru kama 168.000. Wakati ule hakuna mtu alijua, data ilikuwa imekaa tu kwenye mashine. Chembe zinatoka kwanza, mwangaza unatoka nyuma, juu mshtuko wa mlipuko unahitaji muda kupanda kutoka kiini mpaka kwenye uso wa nyota.

Swali ni muda gani. Sasa angalia. Karibu masaa mawili nyuma ya zile nyutrino, New Zealand ilikuwa usiku, na Albert Jones alikuwa na darubini yake akipima nyota zake zinazobadilika, kazi ya kila siku, mtu ambaye alifikisha namba zaidi ya 500.000 maishani. Eneo alilokuwa anaangalia lilikuwa ni lile lile. Hakuona kitu. Hakuna nyota mpya ya kufika 7.5. Lisaa limoja na zaidi nyuma yake, Robert McNaught kule Australia akapiga foto ya eneo lile, na kwenye ile foto supanova, yaani ule mlipuko wa nyota, iko, karibu magnitudi 6. Usiku uliofuata Ian Shelton na Oscar Duhalde waliokuwa Las Campanas, Chile, njo wakaiona na dunia nzima ikaambiwa.

Unaona kilichotokea? Ile "sikuona kitu" ya Jones ikawa mpaka. Upande mmoja kuna nyutrino, upande mwingine kuna foto, na katikati kuna mtu mmoja kwenye jicho la darubini anasema kwa saa hii hapakuwa na kitu. Watu wa hesabu walichukua ile "hakuna" wakapima nayo mshtuko ulipanda na mbio gani na nyota yenyewe ilikuwa kubwa kiasi gani. Namba ya kutoona kitu. Angekuwa mtu wa kuandika tu anapoona ajabu, mpaka ule usingekuwepo.

Na nimepiga hesabu ya masaa kwa upande wetu, kila nikiifikiria inanisisimua. Nyutrino zilipita Goma saa tatu na nusu ya asubuhi, jua likiwaka, zikapita kwenye miili ya kila mtu aliyekuwa sokoni siku ile. Jioni ya siku hiyo hiyo giza lilipoingia, Wingu Kubwa la Magellan lilikuwa kusini kabisa, juu ya ziwa Kivu, digri kama 22 juu ya maji, na mwangaza wa supanova tayari ulikuwa unapanda, na Shelton na Duhalde walikuwa bado masaa mengi hawajaiona. Ilikuwa karibu na mwisho wa uwezo wa jicho. Kwa jumeli, kwa mtu anayelijua lile eneo, na mbingu ikiwa safi, ilikuwepo. Juu ya Kivu. Ikaendelea kupanda mpaka mwezi wa tano ikafika karibu 2.9.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, juu najua kuna mtu anasoma anasema sawa, lakini mimi nitajuaje namba.

Magnitudi inaenda kinyume: namba ndogo ni nyota inayowaka sana, namba kubwa ni hafifu. Mtu anayeitwa Norman Pogson aliipanga vizuri 1856, tofauti ya magnitudi 5 ni mara 100 ya mwangaza. Jicho la kawaida mahali pa giza linafika 6. Katikati ya Goma na taa za barabarani na za wamotari, 4 na kitu, umeme ukikatika kartie nzima unapata zaidi, na mimi zile saa ambazo wengine wanatafuta mshumaa natoka nje na kaye.

Nyota ya kuanza nayo ni Betelgeuse. Januari na Februari jioni, kundi la Jabari linapita karibu juu ya kichwa chetu kabisa, Betelgeuse ni bega lake la mashariki, nyekundu, huwezi kuikosa. Hauihitaji hata jumeli. Pembeni yake tafuta Procyon, hiyo iko 0.4, na Aldebaran, hiyo iko 0.9. Hizo mbili namba zake zinajulikana na hazihami sana. Kazi yako ni kujiuliza Betelgeuse ya leo iko wapi katikati yao. Kama inalingana na Procyon, andika 0.4. Kama iko katikati, 0.6 ama 0.7. Kama iko karibu na Aldebaran lakini inamshinda kidogo, 0.8. Basi. Hiyo ni kipimo cha kisayansi, kwa sehemu moja ya kumi ya magnitudi, na mtu aliyezoea anakosea kidogo tu.

Kuna mambo matatu manne ya kuangalia. Nyota nyekundu usiikodolee macho, ukiiangalia muda mrefu jicho linazidi kuiona kubwa, kwa hiyo unatupa jicho, unaenda kwa ingine, unarudi, haraka haraka. Halafu linganisha nyota zilizo na kimo kimoja, juu ile iliyo chini karibu na milima inapita kwenye hewa nyingi inafifia, Procyon ikiwa bado chini mashariki usiiamini. Na sisi wa Goma tuko na jambo letu ambalo vitabu havilisemi, ni Nyiragongo. Usiku wakati mlima una moto mawingu ya kaskazini yanakuwa mekundu, na moshi wake ukiwa unasukumwa na upepo unapita mbele ya nyota kama pazia jembamba ambalo hulioni, unaona tu nyota moja imepungua na jirani yake wa mbali hajapungua. Ukihisi hivyo ngoja. Keti kwenye makoro, yale mawe ya lava, hesabu nyota ndogo za eneo lile, zikirudi zote njo unapima. Mimi nilijifunza kuandika pembeni "moshi" ama "safi", neno moja tu, na hilo neno linasaidia mtu atakayesoma namba yako.

Faida ya namba kama hizo ilionekana Februari 2020. Betelgeuse ilishuka mpaka 1.6, ikalingana na Bellatrix, bega la pili la Jabari. Mtu yeyote anayemjua Jabari angetoka nje aone mabega yamekuwa sawa, kitu ambacho siku zote bega la mashariki linashinda waziwazi. Dunia nzima ikaanza kusema inalipuka, inakuwa supanova. Ikaja kujulikana kwamba ile nyota ilitapika gesi, gesi ikapoa ikawa vumbi, vumbi likakaa mbele yetu. Na tena waliojua kwamba 1.6 ni kitu kisicho cha kawaida walijua juu ya miaka mingi ya namba za kawaida, 0.4, 0.6, 0.5, zile ambazo hakuna gazeti linaandika.

Sharti langu moja kubwa, na kwa hili niko mkali hata na watu wa nyumbani: namba inaandikwa mbele ya kufungua telefone. Kuna usiku mudogo wangu alikuwa na mimi kwenye parsele, ana umri wa shule ya sekondari, macho yake ni mazuri kushinda yangu. Akashika telefone.

"Yaya, programu inasema Betelgeuse iko 0.5. Andika 0.5 tuingie, kuna baridi."

"Hapana mudogo, hiyo programu haijaiona nyota ya leo. Iliandikwa namba moja ikabaki nayo. Wewe umeiona. Umeona ngapi?"

Akanyamaza, akaangalia juu, akahama kwa Aldebaran, akarudi, akaenda tena. "Mi naona inakaribia Aldebaran. 0.8."

"Basi andika 0.8, na jina yako pembeni."

Mimi nilikuwa na 0.7. Tuliandika zote mbili, kila mtu yake, hatukuchanganya tukapata ya katikati, hatukukubaliana kwanza. Ukishasikia namba ya mwenzako jicho lako linaanza kumtii. Nimeona watu wazima wenye elimu yao wanaangalia nyota, wanasoma mtandaoni watu wanasema 0.5, wanarudi kuangalia, wanaona 0.5. Hilo si kupima tena. Kama umeona 0.8 na dunia nzima inasema 0.5, andika 0.8, siku ikifika watu wa takwimu watajua kufanya nini nayo, kazi yako ni kusema jicho lako liliona nini saa ile.

Mwaka 2021 njo mwaka nilioelewa hii kwa moyo wote. Tarehe 22 Mei jioni Nyiragongo ilifumuka, lava ikashuka mpaka kaskazini ya mji, siku chache baadaye watu wakaambiwa wahame kartie nyingi, wengine tukaenda Sake, wengine Gisenyi, wengine wakapanda mashua kwenda Bukavu. Tuliporudi watu walikuwa wanalala na viatu. Halafu Agosti, tarehe 8, nyota RS Ophiuchi ikawaka. Hiyo ni ndugu wa T CrB, nova inayorudia, ilishafanya 1898, 1933, 1958, 1967, 1985, 2006, na siku za kawaida iko kama 11 ama 12. Usiku ule ikafika karibu na 5, na kwetu inapita karibu juu ya kichwa. Nilipata habari nikatoka na jumeli, mji ulikuwa na giza, nikaipata, nyota ndogo mahali ambapo ramani haikuwa na nyota ya namna ile. Kila usiku nikarudi, na kila usiku iko inashuka, unaweza kuona kwa jicho lako kwamba jana ilikuwa inalingana na ile ya kushoto na leo imeshindwa nayo. Nilikuwa nimeshiba habari za mlima, matetemeko, uvumi wa kila saa kwamba mlima unarudia. Ile namba moja ya usiku ilikuwa ni kitu ambacho mimi mwenyewe nilikihakikisha, bila kuambiwa na mtu.

Na kuna jambo la RS Ophiuchi ambalo Waafrika tunapaswa kulisema kwa sauti. Kule Namibia, kwenye nyanda za Khomas, kuna darubini za H.E.S.S. zinazoangalia mionzi ya gama ya nguvu kubwa kabisa. Mwezi ule wa Agosti waliipata hiyo mionzi ikitoka kwa RS Ophiuchi, na mbele ya hapo hakuna nova ilikuwa imeonekana kwa mionzi ya nguvu kama ile. Wao walikuwa na darubini kubwa na mimi na jumeli, lakini nyota ni moja na usiku ni mmoja.

Nyotamkia ni shida ingine, na kwa kweli ni shida tamu. Nyota ni nukta, nyotamkia ni ukungu. Mwangaza wake umesambaa, kwa hiyo nyotamkia ya magnitudi 3 inaonekana hafifu kushinda nyota ya 3, na mtu asiyejua anaandika 5. Dawa yake ni kuharibu nyota. Unaangalia nyotamkia kwenye jumeli ikiwa safi, unashika akilini ukubwa wa kichwa chake na mwangaza wake, halafu unaenda kwa nyota unayoijua namba yake, unazungusha gurudumu la katikati la jumeli mpaka nyota inavimba inakuwa duara la ukubwa ule ule wa nyotamkia, njo unalinganisha. Kama sisi tusioona mbali, kuna njia ya bure kabisa, unavua miwani. Nyota zote zinavimba zenyewe. Mimi miwani yangu naisukuma mbele kwenye pua kidogo kidogo mpaka nyota ifike ukubwa ninaoutaka, na nimekuja kuipenda hiyo njia.

Tsuchinshan-ATLAS, nyotamkia ya 2024, ilionekana kwanza Januari 2023 kwenye kituo cha Zijinshan huko China, halafu Februari na kamera za ATLAS zilizoko Sutherland, Afrika Kusini, njo maana ina majina mawili. Julai 2024 mtaalamu mkubwa wa nyotamkia, Zdenek Sekanina, aliandika kwamba itavunjika mbele ya kufika kwa jua. Alikuwa na sababu zake, namba za mwangaza zilikuwa zimekaa vibaya kwa miezi. Tarehe 27 Septemba ikapita karibu na jua na ikatoka nzima. Asubuhi za mwisho wa Septemba, upande wa milima ya Rwanda, kabla jua halijatoka, tuliokuwa na bahati ya mawingu tuliiona, na katikati ya Oktoba ikahamia jioni upande wa magharibi, juu ya milima ya Masisi, mkia umesimama. Oktoba kwetu ni mvua. Ukurasa wangu wa mwezi ule umejaa neno "mawingu", na hilo pia nimeliandika, siku kwa siku.

Halafu ikaja nyotamkia ingine, C/2024 G3. Hiyo ilipita jua tarehe 13 Januari 2025, karibu sana, kilomita milioni 14 hivi, na jioni zilizofuata ikaanza kuonekana chini magharibi-kusini jua likishazama. Kiini chake kilikuwa kinavunjika, kichwa kinafifia huku mkia unabaki, kitu ambacho ungependa kupima kila jioni bila kukosa hata moja. Wiki ya mwisho ya Januari ukurasa wangu ni mweupe. Ni wiki ile vita iliingia mjini, mtu wa Goma sina haja ya kumueleza zaidi.

Nilipoweza kukaa tena na kaye yangu nilifikiria sana kuhusu ile nafasi. Sikuijaza. Najua nyotamkia ilikuwa wapi, namba za watu wengine naziona, ningeweza kuweka kitu kinachofanana na ukweli na hakuna mtu angejua. Niliandika tarehe, na mbele yake nikaacha wazi. Na nilipofungua mstari wa mwangaza wa G3 nikakuta nukta za Afrika Kusini, za Australia, za Chile, zimefuatana jioni kwa jioni mle mle kwenye siku zangu nyeupe. Nililia kidogo, sitaficha. Watu wasionijua, hawajui hata Goma iko wapi, walikuwa wameshika ile kazi wakati mimi nimelala chini ya kitanda na familia.

Kwa hiyo namuomba anayesoma hii kitu kimoja. Mbingu ya kusini, kati ya Australia na Amerika ya Kusini, katikati ni Afrika tu, na waangalizi wetu ni wachache. Goma ikiwa na mvua Bukavu inaweza kuwa safi, Bukavu ikifungwa Kalemie iko wazi. Kama msimu wa Jabari umepita, jioni za mwezi wa nne na wa tano angalieni Eta Carinae, kule kusini, nyota ambayo mwaka 1843 ilikuwa ya pili kwa kuwaka mbinguni nyuma ya Sirius na sasa iko karibu 4, inaenda polepole na haina haraka na mtu anayejifunza. Andikeni namba mlizoona, na nyota mbili mlizolinganisha nazo, na mawingu, na moshi, na kama hamkuona kitu andikeni nyota ndogo kabisa mliyoiona pale. AAVSO wanapokea kutoka kwa mtu yeyote, kujiandikisha ni bure. Saa muiandike ya UT, siyo ya kwetu, Goma, Bukavu na Lubumbashi mnatoa masaa mawili, walio Kinshasa mnatoa moja.